Panya Amepona, Babu Je? Mwongozo Kamili wa Kusoma Utafiti wa Mchochota wa Ubongo na Parkinson

Ukiwa na mzee wa Parkinson nyumbani hapa Lamu, huhitaji kutafuta ushauri, utakufuata wenyewe. Utaupata barazani baada ya Alasiri, utaletewa na shemeji aliyeko Jeddah, utaukuta kwenye kundi la ukoo asubuhi ukiamka: mafuta ya habasoda yanaondoa kutetemeka, manjano na asali yanarudisha ubongo, wazungu wenyewe wamethibitisha. Na mara nyingi chini ya ujumbe kuna kiungo kinachokupeleka kwenye utafiti wa kweli. Hapo ndipo pagumu, maana uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukataa. Maabara ipo, wanasayansi wapo, picha za hadubini zipo. Ila aliyetibiwa alikuwa panya.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayesoma Kiingereza kwa kujikongoja, mwenye simu na bando, asiye daktari. Kazi yake ni moja: uweze kuuchukua utafiti wa panya unaohusu Parkinson na mchochota wa ubongo (yaani kinga ya mwili inapowaka ubongoni kupambana na sumu au jeraha), uusome, kisha uamue kama kuna la kumpelekea daktari au la kuliacha lipite. Hatua hazilingani uzito. Ukiwa na haraka, soma ya pili na ya nne.

Kabla ya hatua: ni nini hasa kinachosemwa

Kwenye ubongo wa kati kuna eneo dogo lenye weusi, na seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Seli hizo zikifa, dopamini hupungua, na mtu huanza kutetemeka mkono akiwa ametulia, kukakamaa, kujongea polepole, mwandiko kupungua ukubwa, sauti kufifia. Mpaka dalili zionekane, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakwenda. Daktari James Parkinson wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817, lakini chanzo cha seli kufa bado kinatafutwa.

Mmoja wa washukiwa ni mchochota. Ubongo una walinzi wake, seli ziitwazo maikroglia, zilizoelezwa na Mhispania Pío del Río-Hortega mwaka 1919. Zikiwa zimetulia huwa na matawi membamba yanayopapasa huku na huku. Zikigundua sumu au seli iliyokufa, hukusanya matawi, hunenepa na kumwaga kemikali za vita. Vita vikiwa vifupi huleta faida, kwani uchafu unasafishwa. Vikiendelea, seli zilizo nzima jirani nazo zinaumia. Mwaka 1988 Patrick McGeer na wenzake kule Vancouver walichunguza ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson, wakakuta eneo lile jeusi limejaa maikroglia zilizoamka. Swali lililobaki tangu hapo ni hili: mchochota ndio uliozua vifo vya seli, au vifo ndivyo vilivyouita mchochota? Huwezi kufungua kichwa cha mtu aliye hai kila mwezi ukaangalia. Ndiyo sababu ya panya.

Wala usiwadharau wanyama hawa. Mwaka 1957, nchini Sweden, Arvid Carlsson aliwapa sungura dawa ya reserpini wakalala wasiweze kujongea. Alipowapa levodopa, kemikali ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, waliamka. Miaka kumi baadaye George Cotzias akaonyesha kule New York kwamba wagonjwa nao huamka wakipewa kwa kipimo kikubwa. Kidonge anachomeza babu leo kina levodopa hiyohiyo. Kwa hiyo njia ya kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu ipo. Kinachotakiwa ni kujua nani kaivuka na nani kaishia katikati.

Hatua ya kwanza: upate utafiti wenyewe

Ujumbe uliosambazwa si utafiti, na video ya mtu aliyevaa koti jeupe pia si utafiti. Fungua PubMed, maktaba ya mtandaoni ya serikali ya Marekani, isiyo na malipo na isiyokula bando sana. Andika Parkinson, kisha jina la kitu kwa lugha ya kisayansi: habasoda ni Nigella sativa, kemikali ya manjano ni curcumin, upupu ni Mucuna pruriens. Utaona muhtasari wa kila makala. Nyingine zina nakala kamili ya bure, na hizo ndizo za kufungua, kwa sababu muhtasari hauna mambo tutakayoyatafuta.

Angalia kwanza aliyefanyiwa majaribio ni nani. Mice ni panya wadogo, rats ni panya wakubwa, na in vitro maana yake hakuna mnyama kabisa, ni seli kwenye kisahani. Kichwa cha makala mara nyingine hunyamaza kuhusu jambo hili, na magazeti hunyamaza zaidi. Ukiona tangazo juu ya makala kwamba imeondolewa na wachapishaji, funga, hapo umemaliza kazi.

Hatua ya pili: uliza mnyama aliuguaje

Panya hapati Parkinson kama anavyoipata mtu. Akionekana nayo, kuna aliyemfanya awe hivyo, na namna alivyofanywa ndiyo inayoamua matokeo yake yanakuhusu kiasi gani. Njia zinazotumika sana hazizidi vidole vya mkono mmoja.

Ya kwanza ni sumu ya MPTP, na kisa chake kila mtu anayeuguza Parkinson angefaa kukijua. Mwaka 1982 huko California vijana waliokuwa wakijidunga heroini ya kutengenezwa walifika hospitali wamekakamaa kama wazee walioishi na Parkinson miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walifuatilia, wakagundua kwamba dawa ile ya mtaani ilikuwa na uchafu uitwao MPTP. Ukiingia ubongoni, kimeng'enya kiitwacho MAO-B huugeuza kuwa sumu kamili. Sumu hiyo inaingia kwenye seli za dopamini kupitia mlango uleule wa dopamini, halafu inazima mitambo ya nishati ya seli. Tangu hapo MPTP ikawa chombo cha maabara. Panya wadogo weusi wa aina ya C57BL/6 huathirika. Panya wakubwa huistahimili, kwa hiyo hawatumiki sana kwa sumu hii.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1999 Langston alichapisha uchunguzi wa ubongo wa watu watatu waliopata sumu ile na kufariki miaka mingi baadaye. Sumu ilikuwa imekwisha mwilini zamani, lakini maikroglia zilikuwa bado macho na seli bado zinakufa. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko picha mia za panya kwamba mchochota ukishawaka unaweza kuendelea bila kuchochewa, na ushahidi huu umetoka kwa binadamu.

Njia ya pili ni sumu iitwayo 6-OHDA. Hii haiwezi kupita kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, kwa hiyo fuvu hutobolewa na sumu ikadungwa moja kwa moja, kwa kawaida upande mmoja. Panya akipewa dawa fulani baadaye huzunguka duara, na watafiti huhesabu mizunguko. Mswedi Urban Ungerstedt ndiye aliyeianzisha mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa habari ya mchochota, njia hii ina kasoro iliyo wazi: sindano peke yake inajeruhi, na jeraha huamsha maikroglia. Tafuta kama kulikuwa na panya waliotobolewa vivyo hivyo wakadungwa maji ya chumvi tu. Wasipokuwepo, huwezi kujua mchochota ulioonekana ni wa sumu au wa sindano.

Ya tatu ni rotenoni. Wavuvi wa zamani wa pwani hii wanaijua bila kujua jina lake, kwa sababu imo kwenye utupa, mmea unaopondwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Mwaka 2000 kundi la Tim Greenamyre kule Atlanta lilionyesha kuwa panya wakubwa wakipewa rotenoni kidogo kidogo kwa muda mrefu, baadhi yao hupoteza seli za dopamini na ndani ya seli zinazobaki huonekana mabonge ya protini yanayofanana na yale ya wagonjwa. Neno la kushika ni baadhi. Panya wengine hawapati kitu, wengine hufa kwa sumu kabla ya kipimo.

Ya nne ni LPS, kipande cha ganda la bakteria. Haiui seli za dopamini moja kwa moja. Huwasha mchochota, na mchochota ndio unaoua. Ni nzuri kwa kujifunza mchochota wenyewe unavyofanya kazi. Lakini kama dawa yako ni ya kutuliza mchochota, na ugonjwa uliotengenezwa ni mchochota mtupu, matokeo mazuri yanatarajiwa hata kabla ya kuanza. Mimi utafiti wa namna hii nausoma haraka haraka.

Ya mwisho ni protini ya alfa-sinukleini. Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba familia fulani zenye Parkinson ya kurithi zina hitilafu kwenye jeni la protini hii, na mwaka huohuo ikaonekana kuwa ndiyo inayojaza mabonge yaliyo ndani ya seli za wagonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa Pennsylvania waliwadunga panya wazima nyuzi za protini hiyo iliyojikunja vibaya. Ikaenea ubongoni kwa miezi, seli za dopamini zikafa polepole. Hakuna sumu ya kigeni hapa, na mwendo wake ni wa taratibu kama wa mgonjwa. Ukikuta dawa ya mchochota iliyofanya kazi kwenye MPTP na pia kwenye alfa-sinukleini, kaa kitako usome vizuri. Iliyofanya kazi kwenye sumu moja tu, endelea lakini usimwambie mtu bado.

Hatua ya tatu: mchochota ulipimwaje

Vipande vya ubongo hupakwa rangi. Alama iitwayo Iba1 huonyesha maikroglia, na TH huonyesha seli za dopamini. Makala zote za aina hii zina picha mbili: kushoto panya aliyepewa sumu tu, maikroglia zimejaa, kulia aliyepewa na dawa, zimepungua. Picha hupendeza na ndizo zinazosambazwa.

Sasa fikiri. Maikroglia huamshwa na seli zinazokufa. Kama dawa ilizuia seli zisife kwa njia yoyote ile, hata isiyohusu mchochota, maikroglia zitapungua vilevile. Kwa hiyo kupungua kwa mchochota hakuthibitishi kwamba dawa ilifanya kazi kwa kutuliza mchochota. Watafiti makini hulitatua jambo hili kwa kuangalia mchochota mapema, kabla seli hazijafa, au kwa kutumia panya walioondolewa jeni la kemikali fulani ya mchochota. Wasiofanya hivyo huandika tu hitimisho.

Na alama ya TH nayo ina mtego. Seli iliyougua huweza kuacha kutengeneza TH huku ingali hai. Ikipona inaanza tena, na kwenye picha itaonekana kana kwamba seli zimeokolewa. Njia ya kuaminika ya kuukwepa ni kuhesabu seli zote kwa rangi nyingine isiyotegemea TH. Ukiona wamefanya hivyo, wape alama moja juu.

Hatua ya nne: dawa ilitolewa lini

Hapa ndipo utafiti mwingi unapoangukia. Nenda sehemu ya mbinu, au kwenye mchoro wa kwanza, ambako mara nyingi kuna mstari wa siku. Tafuta mambo mawili tu: siku ya sumu na siku ya kwanza ya dawa.

Katika utafiti mwingi wa habasoda, manjano na mimea mingine, panya huanza kunywa dawa kabla ya sumu, siku kadhaa au wiki nzima. Sumu inapofika, mwili umeshajiandaa. Ukimwagia maji paa la makuti kisha ukatupa kibiriti, paa halitashika. Jaribio hilo halikufundishi namna ya kurudisha makuti yaliyokwisha kuwa majivu. Babu hakuanza habasoda kabla ya ugonjwa. Alipoanza kutetemeka, kazi kubwa ya kuua seli ilikuwa imeshafanyika.

Kuna jibu ambalo mwenye ujumbe anaweza kukupa, na lina haki ya kusikilizwa: babu bado ana seli zilizo hai, je, hizo haziwezi kulindwa? Zinaweza, kama tutapata dawa ya kulinda. Tatizo ni mwendo. Katika jaribio la kawaida la MPTP panya hudungwa mara nne siku moja, saa mbili mbili zikipita katikati, na ndani ya wiki moja seli zilizokuwa za kufa zimekufa. Kwa mtu, jambo lilelile huchukua miaka. Dawa inayohimili dhoruba ya siku chache si lazima iweze kukaa na mchochota wa miaka kumi na tano, na mchochota wa miaka hauna kemikali zilezile za mchochota wa wiki moja.

Kwa hiyo weka kanuni hii. Dawa ilianza kabla ya sumu: elimu nzuri, lakini kwako haitoshi. Ilianza pamoja na sumu: vivyo hivyo. Ilianza baada ya panya kuonyesha dalili, na panya akapata nafuu: hapa kuna habari. Utashangaa jinsi kundi hili la mwisho lilivyo dogo.

Hatua ya tano: je, sumu ilifika?

Kumbuka kwamba MPTP haidhuru mpaka igeuzwe na MAO-B. Mwaka 1984 ilionyeshwa kuwa panya wakipewa dawa inayozuia MAO-B, seli zao hubaki salama na MPTP. Hakuna aliyetuliza mchochota hapo wala kuponya kitu. Ni vile tu sumu yenyewe haikutengenezwa. Mimea mingi ina kemikali zinazozuia MAO-B kidogo, kwa hiyo mtafiti anapaswa kupima kiasi cha sumu iliyogeuzwa, iitwayo MPP+, ndani ya ubongo wa panya waliopewa dawa. Tafuta MPP+ kwenye matokeo. Isipotajwa popote, huenda unasoma kisa cha panya ambaye hakuwahi kupata sumu kamili.

Hatua ya sita: panya gani, wangapi, nani alihesabu

Hii ni fupi. Panya wengi wanaotumika ni madume vijana wa miezi michache, ilhali Parkinson huwapata zaidi watu waliopita miaka sitini, na wanawake wamo. Makundi huwa na panya sita, nane, kumi. Tafuta kama waligawanywa kwa kura, na kama aliyehesabu seli hakujua yupi alipewa dawa. Binadamu akijua jibu linalotakiwa, jicho humsaidia kulipata. Tangu mwaka 2010 kuna miongozo iitwayo ARRIVE inayotaka mambo haya yaandikwe wazi. Yasipoandikwa, chukulia hayakufanyika.

Angalia pia kama panya walipimwa mwendo, kwa mfano muda wa kukaa juu ya gogo linalozunguka. Rangi nzuri kwenye picha na panya asiyeweza kutembea ni matokeo mabaya, hata makala isemeje.

Hatua ya saba: piga hesabu ya kipimo

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayomaliza mabishano ya barazani haraka kuliko zote. Kipimo cha panya hakihamishwi kwa mtu kwa kuzidisha uzito tu, kwa sababu mwili mdogo huchoma dawa upesi. Hesabu ya kawaida ni kugawa kipimo cha panya mdogo kwa 12.3, na cha panya mkubwa kwa 6.2, ndipo uzidishe kwa kilo za mtu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Makala inasema panya mdogo alipewa kurkumini, kemikali ya manjano, miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Gawa kwa 12.3 upate kama 8. Babu ana kilo 60, kwa hiyo ni karibu miligramu 490 za kurkumini safi kwa siku. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia tatu hivi. Utahitaji gramu kumi na sita za unga kila siku, karibu vijiko vitano vya chai. Na bado hujamaliza, kwani kurkumini ikimezwa hufyonzwa kidogo sana, na panya wengi hudungwa tumboni ili kuukwepa ugumu huo. Kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto ni kinywaji kizuri, nami nakipenda. Usikiite tiba ya ubongo.

Hatua ya nane: tafuta kama imeshajaribiwa kwa watu

Rudi PubMed, andika jina la dawa, Parkinson, na clinical trial. Kuna pia orodha ya bure ya majaribio ya binadamu, ClinicalTrials.gov. Hapa utakutana na makaburi ya dawa zilizowaponya panya.

Minosaiklini ni antibiotiki inayotuliza maikroglia. Mwaka 2001 na 2002 makundi tofauti ya watafiti yalionyesha inalinda panya waliopewa MPTP. Mwaka 2003 kundi jingine likaona inaongeza madhara, kwa panya vilevile. Ikajaribiwa kwa wagonjwa 200 nchini Marekani pamoja na dawa nyingine, matokeo yakatoka 2006, na hayakutosha kuifanya tiba. Mwaka uliofuata ikajaribiwa kwa watu 412 wenye ugonjwa mwingine wa neva, ALS, na waliopewa walizorota haraka kuliko waliopewa kidonge kitupu. Dawa ya kutuliza mchochota ilidhuru. Maikroglia zina kazi zake, na kuzizima zote si jambo la kutamani ovyo.

Pioglitazoni, dawa ya kisukari yenye tabia ya kutuliza mchochota, iliwalinda panya mwaka 2002. Mwaka 2015 jaribio la wagonjwa 210 halikuona faida. Eksenatidi, nyingine ya kisukari, ilileta matumaini makubwa zaidi: jaribio la London la watu 62 mwaka 2017 lilionyesha tofauti kati ya waliopewa na wasiopewa. Jaribio kubwa la watu 194, la karibu miaka miwili, likachapishwa 2025. Hakuna faida iliyoonekana. Ndugu yake, liksisenatidi, ilionyesha tofauti ndogo kwa watu 156 nchini Ufaransa mwaka 2024, huku kichefuchefu kikiwasumbua wengi. Hiyo bado inafuatiliwa.

Unaona kwamba hata jaribio dogo la binadamu halitoshi. Sembuse panya wanane.

Hatua ya tisa: vya kufanya na vilivyoko nyumbani

Habasoda kidogo kwenye chakula haina ubaya. Mafuta yake kila siku kwa vijiko ni jambo jingine, kwa sababu huweza kushusha presha na sukari. Wagonjwa wa Parkinson wengi presha yao huanguka wanaposimama, na dawa zenyewe huongeza hali hiyo. Babu akianza kizunguzungu baada ya kupelekewa chupa, chupa iondoke kwanza.

Upupu una hadithi tofauti, na hapa mganga wa miti shamba ana hoja. Mbegu zake zina levodopa ya kweli. Ilitolewa humo tangu 1937. Jaribio la Bolivia la mwaka 2017, kwa wagonjwa 18, lilionyesha kuwa unga wa mbegu zilizokaangwa uliwafungua miguu kama kidonge. Lakini walipoutumia kwa wiki kumi na sita katika utafiti uliofuata, saba kati ya kumi na wanne waliacha, wengine kwa tumbo, wengine kwa mwendo kuzidi kuwa mbaya. Kiasi cha levodopa hutofautiana mbegu kwa mbegu. Ukichanganya upupu na vidonge bila daktari kujua, unampa mzee kipimo ambacho hakuna anayekijua. Manyoya ya ganda lake usiyataje, kila mtoto wa pwani ameshawashwa nayo.

Vidonge visikatizwe ghafla kwa ajili ya kitu chochote ulichosoma, kwani kuvikata kwa mara moja huweza kumletea mgonjwa hatari kubwa. Vinywewe nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, kwa sababu protini ya samaki na maharagwe hushindana na levodopa kuingia mwilini.

Kwa mji wetu kuna jambo ambalo hakuna panya atakayekufundisha. Mgonjwa wa Parkinson hugandia miguu mahali pembamba: mlangoni, kwenye kizingiti, kwenye uchochoro. Nyumba za mtaa wa Mkomani hapa Lamu zimejengwa kwa vitu hivyo vitatu. Bandika mistari ya utepe wa rangi sakafuni mbele ya mlango, mwambie avuke mstari mmoja baada ya mwingine, au mhesabie, moja, mbili. Usimvute mkono. Hili halina maabara nyuma ya kila nyumba lakini linasaidia leo jioni.

Safari ya kwa daktari ikifika, iwe hospitali ya kaunti hapa kisiwani au boti ya Mokowe na basi mpaka Mombasa, beba makala uliyosoma na majibu yako kwenye ukurasa mmoja: mnyama aliuguaje, dawa ilianza lini, kipimo kikigeuzwa ni kiasi gani, kuna jaribio la watu au hakuna. Daktari mwenye foleni hana saa ya kusoma kiungo, ila ana dakika mbili za kusoma mistari minne. Usiogope kuonekana mjuaji. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Tanzania, na kuchapishwa 2008, ulipita kwenye jamii ya watu zaidi ya 160,000 na kukuta wagonjwa 33 wa Parkinson, ambao wengi wao hawakuwahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Mzee wako ameshavuka hapo.

Kwenye ukurasa huohuo andika kwa herufi kubwa majina mawili: metoklopramidi na haloperidoli. Ya kwanza hutolewa kwa kutapika, ya pili kwa mtu aliyechanganyikiwa, na zote huziba dopamini na kumgandisha mgonjwa wa Parkinson. Nakala ya pili ibandike ndani ya mlango wa kabati la dawa, ili atakayekuwa na babu usiku ule anapotapika ajue la kumwambia muuguzi kabla sindano haijavutwa.